Kutu Ilindayo Chuma

Wahenga walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo huambiwa mtu atafutaye adui mbali, ilhali adui wake yu karibu naye. Yafaa pia kuambiwa chuma. Ukiacha panga nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi utalikuta lina madoadoa ya rangi ya machungwa. Ukiliacha mwezi mzima, ukali wake umekwisha. Na ukiliacha miaka mingi, hutakuta panga bali maganda mekundu yanayovunjika mkononi. Kwa sababu hiyo watu wote wafanyao kazi na chuma, tangu mhunzi wa kijijini hata mhandisi wa reli, wamejifunza kuichukia kutu. Wamekipaka chuma mafuta, wamekipaka rangi, wamekivika zinki kama tuonavyo katika mabati ya nyumba zetu. Na yote hayo kwa nia moja tu, yaani kukitenga chuma na maji na hewa.

Basi huenda ukashangaa, msomaji, ukiambiwa ya kuwa yako madaraja makubwa na majumba marefu yaliyojengwa kwa chuma ambacho hakikupakwa rangi kabisa, kikaachwa makusudi kishike kutu, na kutu hiyo hiyo ikawa ndiyo mlinzi wake. Jambo hili si hadithi. Lina historia yake, nayo ni historia ya watu waliotazama kwa makini jambo ambalo wengine walilidharau. Lakini pia ni historia ya watu waliompata mlinzi mwema, kisha wakasahau masharti yake. Na kusahau huko kuligharimu fedha nyingi, na siku moja nusura kugharimu maisha ya watu.

Kwanza yatupasa kuelewa kutu ni nini. Chuma ni kama mtu akaaye ugenini. Ardhini hakipatikani kikiwa safi, bali hupatikana kikiwa kimeungana na oksijeni ndani ya mawe yenye madini; na wekundu wa udongo wa nyanda za juu za Kenya watokana na muungano wa namna hiyo hiyo. Mhunzi hutumia moto mkali wa makaa ili kuiondoa oksijeni, na hapo ndipo apatapo chuma. Lakini chuma hakisahau kwao. Kikipata maji pamoja na hewa, huungana na oksijeni tena na kuanza kurudi katika hali ile ya zamani. Tone moja la maji lililo juu ya chuma hufanya kazi kama betri ndogo sana: mahali pamoja chuma huyeyuka kidogo kidogo na kuingia majini, mahali pa jirani oksijeni hupokea umeme uliotoka pale, na kati yao kutu huzaliwa. Chumvi ikichanganyika na tone hilo, umeme hupita kwa urahisi zaidi na chuma huliwa upesi zaidi. Ndiyo maana nyumba iliyo karibu na bahari, kama ilivyo Mombasa, hulilia bati jipya mapema kuliko nyumba ya bara.

Pengine utauliza: Mbona sufuria ya alumini haili­wi namna hiyo? Jibu lake ndilo ufunguo wa habari yetu yote. Alumini nayo huungana na oksijeni, tena kwa upesi mno. Lakini utando unaotokea juu yake ni mwembamba na umeshikamana kabisa na madini yaliyo chini, hata hewa na maji havina mahali pa kupenya. Utando ukishatanda, kazi ya kuharibu imekoma. Kutu ya chuma cha kawaida si hivyo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huvimba, hupasuka, na kubanduka kama magome ya mti mkavu. Kila ganda lianguk­apo, chuma kipya huachwa wazi, nacho huanza kuliwa. Basi kosa la kutu si kwamba yafunika chuma. Kosa lake ni kwamba haikifuniki vizuri. Je, ingewezekana kuifanya kutu ishikamane kama utando wa alumini?

Karne nyingi kabla ya swali hilo kuulizwa na wataalamu, jibu moja lilikuwa limesimama wima nchini India. Katika mji wa Delhi, mahali paitwapo Mehrauli, iko nguzo ya chuma yenye urefu wa mita 7 hivi na uzito wa zaidi ya tani 6. Wataalamu wengi wakubali ya kuwa ilifuliwa katika zama za mfalme Chandragupta wa Pili, yapata miaka 1,600 iliyopita. Tangu wakati huo imenyeshewa mvua za masika ya India na kuwakiwa na jua kali, nayo ingali imara, na maandishi yaliyochorwa juu yake yangali yasomeka. Kwa muda mrefu watu waliiona kuwa ni mwujiza. Wachunguzi wa siku zetu wamepata sababu. Wahunzi wale waliyeyusha madini kwa makaa ya kuni, na chuma chao kikabaki na fosforasi nyingi kuliko iliyomo katika chuma cha viwanda vya leo. Kwa msaada wa fosforasi hiyo, na kwa kulowa na kukauka mara nyingi, nguzo ilijifanyia utando mwembamba mgumu ulioifunika yote. Wahunzi wa Delhi hawakuijua fosforasi kwa jina, wala hatuwezi kusema kuwa walikusudia jambo hilo. Lakini kazi ya mikono yao ilihifadhi siri ambayo ulimwengu ungekuja kuitafuta baadaye.

Sasa tuiache India, twende Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Katika nchi hiyo viwanda vikubwa vilikuwa vimejifunza kutengeneza chuma cha pua, yaani feleji, kwa wingi na kwa bei nafuu. Lakini malalamiko yalizuka. Wakulima walinung'unika ya kuwa waya za nyua zao zilikuwa zikiliwa na kutu upesi kuliko waya za zamani. Wataalamu wakaanza kuchunguza tofauti iliyokuwepo kati ya vyuma vilivyodumu na vile visivyodumu. Mmoja wao alikuwa D. M. Buck, ambaye alifanya majaribio mengi ya kuweka nje vipande vya bati la feleji. Mwaka wa 1913 alitangaza aliyoyaona: feleji iliyotiwa shaba nyekundu kidogo tu, hata robo ya sehemu moja katika mia, ilistahimili mvua na hewa kuliko feleji isiyo na shaba.

Jambo hilo halikuaminiwa mara moja, wala halikustahili kuaminiwa bila ya kupimwa. Mwaka wa 1916 chama cha Marekani kinachoshughulika na upimaji wa vifaa kilianza kutandaza mabati mengi nje, mahali mbalimbali, ili yapigwe na mvua na jua na moshi. Hapo kazi ya watafiti ikawa ni kungoja tu. Mwaka baada ya mwaka walikwenda kutazama ni bati lipi limetoboka na lipi limesalia. Wewe uliyezoea kupata jibu la hesabu katika dakika chache, fikiri subira ya watu hao, ambao jibu la swali lao lilihitaji miaka mingi ya mvua. Nalo jibu likathibitika: shaba kidogo ilirefusha maisha ya feleji.

Kwa elimu hiyo, mwaka wa 1933 kampuni ya United States Steel ilianza kuuza feleji mpya iliyoitwa Cor-Ten. Ndani yake mlitiwa shaba nyekundu, kromiamu na fosforasi, vyote kwa vipimo vidogo. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kutengenezea mabehewa ya gari la moshi, hasa yale ya kubebea makaa ya mawe. Feleji hiyo ilikuwa na nguvu kuliko ya kawaida, hivyo behewa liliweza kutengenezwa kwa mabamba membamba na kuwa jepesi. Tena halikuliwa upesi. Kwa muda wa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake: chuma kizuri cha kazi chafu. Hakuna aliyewaza kukiweka mbele ya macho ya watu.

Hebu tutazame jinsi ngao ya feleji hii ifanyikavyo. Siku za kwanza haina tofauti na chuma kingine chochote. Mvua hunyesha, bamba hulowa, na kutu ya rangi ya machungwa hutokea. Kisha jua huwaka, bamba hukauka. Siku nyingine hulowa tena, hukauka tena. Katika kulowa na kukauka huko kutu hubadilika. Ile ya kwanza, iliyo laini na yenye matundu, hugeuka polepole kuwa aina nyingine iliyo ngumu, ambayo wataalamu huiita gothaiti, kwa heshima ya Goethe, mshairi wa Ujerumani aliyependa sana elimu ya mawe. Shaba, kromiamu na fosforasi husaidia chembe za kutu hiyo ziwe ndogo mno na zipangike kwa kubanana. Baada ya miaka michache matabaka mawili huonekana: la nje limelegea kidogo, lakini la ndani limekaza na kukishika chuma barabara. Rangi nayo hugeuka, kutoka machungwa hata hudhurungi, na mwisho huwa nyeusi yenye wekundu kama zambarau iliyoiva sana. Tangu hapo chuma huendelea kuliwa, lakini kwa uchache mno, maana maji na oksijeni hupata taabu kukifikia. Tena, utando huo ukikwaruzwa, kidonda hujifunika chenyewe kwa kutu mpya, mradi hali ya kulowa na kukauka iendelee.

Sharti hilo, msomaji, ulitie moyoni: kulowa na kukauka. Si kulowa peke yake. Chuma kisichokauka hakipati nafasi ya kufanya ngao; kutu yake hubaki laini siku zote, nayo hukila kama ilavyo chuma kingine. Na chumvi ni adui wa ngao hiyo, kwa sababu huvuta unyevu na kuuzuia utando usikaze.

Mtu wa kwanza kukitoa chuma hiki katika kazi ya mabehewa na kukiweka katika jumba la heshima alikuwa Eero Saarinen, msanifu wa majengo mzaliwa wa Finland aliyekuwa akikaa Marekani. Alitakiwa kusanifu makao makuu ya Deere & Company, watengenezaji wa majembe na matrekta, katika mji wa Moline, jimbo la Illinois. Saarinen aliona ya kuwa watu waliojipatia riziki yao kwa chuma na udongo hawakufaa kukaa katika jumba la vioo vya kung'aa tu. Akachagua feleji ya Cor-Ten, iachwe wazi bila rangi, ipate sura ya udongo uliolimwa. Yeye mwenyewe hakubahatika kuliona jumba lile likikamilika, maana alifariki mwaka wa 1961. Wenzake wakaimaliza kazi, na jumba likafunguliwa mwaka wa 1964.

Baada ya hapo sifa za chuma hicho zilienea. Wahandisi wa madaraja walifurahi kupita wote. Daraja la feleji ya kawaida sharti lipakwe rangi, na rangi hiyo ikichakaa sharti ikwanguliwe na kupakwa tena, kazi ambayo ina gharama na hatari kwa wafanyakazi wanaoning'inia angani. Mwaka wa 1977 lilifunguliwa daraja la New River Gorge katika jimbo la West Virginia. Upinde wake wa feleji una urefu wa mita 518, na barabara yake imepita mita 267 juu ya mto. Kwa zaidi ya miaka 25 hapakuwa na daraja la upinde lililolizidi kwa upana wa upinde ulimwenguni kote. Nani angependa kupanda kule juu na brashi ya rangi kila baada ya miaka michache? Daraja hilo halikupakwa rangi. Linasimama katika rangi yake ya hudhurungi, likilindwa na kutu yake yenyewe.

Lakini sifa nyingi huzaa uzembe. Watu walianza kusema ya kuwa chuma hiki hakihitaji matunzo, na maneno hayo yakawaponza. Mjini Pittsburgh, jumba refu la kampuni ya United States Steel yenyewe lilipokamilika mnamo mwaka wa 1970, maji ya mvua yaliteremsha kutu ya miaka ya kwanza na kuchafua njia za miguu zilizokuwa chini yake. Hilo lilikuwa jambo dogo. Mjini Atlanta ukumbi mkubwa wa michezo ulioitwa Omni ulifunguliwa mwaka wa 1972. Hewa ya mji ule ni ya unyevunyevu, na jengo lilikuwa na pembe nyingi zilizoshika maji. Kutu haikukoma. Kuta zilitoboka, na mwaka wa 1997 ukumbi ukabomolewa baada ya miaka 25 tu. Huko Hawaii, katika kisiwa kinachopigwa na upepo wa bahari pande zote, ulijengwa uwanja wa Aloha mwaka wa 1975. Chumvi ya bahari haikuiruhusu ngao ifanyike, na kwa miaka mingi fedha zilimwagwa katika kukwangua, kuziba na kupaka rangi chuma kilichonunuliwa ili kisipakwe rangi. Nalo jimbo la Michigan, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, liliona madaraja yake mapya yakiliwa, hata kufikia mwaka wa 1980 likasitisha kutumia feleji hiyo bila rangi.

Ajali iliyofunza kuliko zote ilitokea Pittsburgh, mji uliojengeka kwa jasho la wafua feleji. Katika mji huo lilikuwako daraja la Fern Hollow, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa feleji isiyopakwa rangi, nalo lilivuka bonde lenye miti. Barabara iliyokuwa juu yake ilikuwa na matundu ya kutolea maji. Majani makavu na taka zikayaziba. Maji yenye chumvi ya barabarani, yalipokosa njia, yakateremkia kwenye miguu ya daraja, na huko yakakutana na takataka zilizolundikana, zikayashika kama sponji. Sehemu hiyo ya chuma haikupata kukauka. Mahali pengine pa daraja ngao ilikuwapo, miguuni haikuwapo. Wakaguzi walikuja, wakaona, wakaandika. Mwaka baada ya mwaka ripoti zilisema ya kuwa matundu yazibuliwe, chuma kisafishwe, palipoliwa patengenezwe. Ripoti zikawekwa, na kazi haikufanywa.

Tarehe 28 Januari 2022, kabla ya jua kuchomoza, daraja hilo likaanguka bondeni. Juu yake palikuwa na basi na magari madogo. Watu kadhaa waliumia, lakini kwa rehema hakuna aliyekufa. Maana saa ile ilikuwa ya alfajiri na theluji ilikuwa imeanguka, wasafiri wakawa wachache. Lau ingalikuwa saa ambayo watu wengi huenda kazini, habari hii ingalikuwa ya misiba. Na siku iyo hiyo Rais Joe Biden wa Marekani alikuwa amepanga kuufikia mji huo ili azungumze juu ya ujenzi wa barabara na madaraja. Alipofika, alikwenda kulitazama daraja lililolala bondeni. Mwaka wa 2024 bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilimaliza uchunguzi wake. Hukumu yake haikuwa juu ya chuma. Ilisema ya kuwa mguu wa daraja ulishindwa kwa sababu uliliwa na kutu, na uliliwa kwa sababu maji hayakuondolewa na mashauri ya wakaguzi hayakufuatwa.

Tazama basi, msomaji, jinsi mambo yalivyo. Kutu ni moja. Katika nguzo ya Delhi imelinda kazi ya wahunzi kwa karne 16. Katika daraja la Fern Hollow haikuingoja hata karne moja kutimia. Lililotofautisha hayo mawili halikuwa bahati. Nguzo ile, isimamayo wazi, mvua hutiririka juu yake ikaenda zake, na jua huikausha. Daraja lile lilinyimwa haki hiyo ndogo ya kukauka, nalo lilinyimwa na watu waliokuwa na elimu yote waliyoihitaji, tena iliyoandikwa vizuri katika karatasi.

Huenda siku moja wewe utakuwa mhandisi, au diwani wa kupitisha fedha za matengenezo, au fundi aliyeshika ufagio juu ya daraja. Watakapokuja watu kukusifia kitu kwamba hakihitaji matunzo, waulize: Kwa masharti gani? Kila kitu kijilindacho hujilinda katika hali fulani, na kazi ya mwanadamu ni kuitunza hali hiyo. Wahenga walisema pia: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjini Pittsburgh palitakiwa kuzibua matundu machache ya maji. Hawakuyazibua, na ikawabidi kujenga daraja zima upya.